Mahali pa Kukimbilia: Mamlaka ya Mahakama ya Kuwatenganisha Wanandoa Wenye Mashauri, Masisi na Walikale, 1926–2025

Hakimu anapowaamuru mume na mke wakae mbalimbali mpaka shauri lao litakapokatwa, amri yake husimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni mamlaka: ni nani aliyempa haki ya kumkataza mtu asiingie katika nyumba anayoiita yake, au asimwone mtoto aliyemzaa? Ya pili ni mahali: yule aliyetenganishwa na mwenzake atalala wapi usiku huo? Waandishi wa sheria aghalabu huishughulikia nguzo ya kwanza na kuiacha ya pili ijisimamie yenyewe. Historia ya Masisi na Walikale yaonyesha kwamba uzito ulibebwa na ile ya pili. Yaonyesha pia kwamba zaidi ya mara moja serikali iliongeza uwezo wa hakimu ilhali mahali pa kukimbilia palikuwa pakipungua, hata pengine kwa sababu ya sheria hiyo hiyo.

Masisi na Walikale ni teritwari mbili zinazopakana katika Kivu ya Kaskazini, mashariki ya Kongo. Masisi ni nchi ya milima na malisho, yenye watu wengi. Walikale ni nchi ya msitu, na eneo lake, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, ni karibu mara tano ya lile la Masisi. Wahunde, Wanyarwanda na Watembo hukaa Masisi. Wanyanga, Wakano na Wakumu hukaa Walikale. Nao mipaka ya makabila haikufuata kamwe mistari ya ramani. Kiswahili ndicho kiungo chao sokoni, kanisani na barazani. Mkunga wa Kihunde na mfanyabiashara wa Kinyanga hushitakiana kwa Kiswahili, hata kama hukumu itaandikwa kwa Kifaransa. Jambo hili litarejewa mbele, kwa kuwa maneno nayo yamo katika kesi.

Nyumba ya baba

Antoine Sohier, mwanasheria wa Kibelgiji aliyeandika sana juu ya sheria za mila za Kongo, aliieleza ndoa ya kimila kuwa ni mapatano baina ya jamaa mbili. Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi hata imechakaa, lakini matokeo yake katika ugomvi wa nyumbani hayakuangaliwa vya kutosha. Iwapo ndoa ni mapatano ya jamaa mbili, basi anapotokea mwenye kuonewa, jamaa zote mbili huwa na nyumba, na nyumba moja kati ya hizo si ya mume.

Mwanamke aliyepigwa, au aliyenyimwa chakula, au aliyechoshwa na matusi, hakwenda kwa mwamuzi kuomba amri. Alikwenda kwao. Wanyarwanda wana neno maalumu la kitendo hicho, kwahukana, yaani kuiacha nyumba ya mume na kurejea kwa wazazi. Safari hiyo ndiyo iliyofungua shauri. Mume aliyemtaka mkewe hakuweza kumchukua njiani wala kisimani pasipo kuongeza kosa juu ya kosa. Ilimlazimu aje uani kwa wakwe, pamoja na wazee wake, aketi alipoonyeshwa, asikilize lawama zake zikitajwa mbele ya watu, kisha atoe alichotakiwa kutoa. Wakati wote huo mume na mke hawakukutana ila mbele ya mashahidi. Kila ambacho mahakama za leo huandika katika amri kilikuwemo: mahali pa kukaa, namna ya kuonana, msimamizi wa maonano, na muda. Kilichokosekana ni karatasi.

Kimbilio hilo lilikuwa na bei yake, na si haki kulisifu kupita kiasi. Mahari yaliyompa baba uwezo wa kumzuia binti yake nyumbani ndiyo hayo hayo yaliyomnyima uwezo huo. Baba aliyekwisha kuzitumia mbuzi za mahari kumwozea mwanawe wa kiume hakuwa huru. Kumweka binti siku nyingi kulikuwa kama kukiri deni asiloweza kulilipa. Ndiyo maana wazee wengi walimpokea binti usiku kwa huruma na kumrudisha mchana kwa hesabu. Kadhalika watoto: maadam mahari yametolewa, watoto walikuwa wa ukoo wa baba, na mama aliyeondoka aliweza kwenda na anayenyonya tu. Utengano wa mke na mume ulikuwa pia, mara nyingi, utengano wa mama na watoto wake, wala hapakuwa na mtu wa kumpangia siku za kuwaona.

Fasihi simulizi ya Wanyanga inaushuhudia mpango huu kwa njia yake. Katika utendi wa Mwindo, uliotambwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969, chifu Shemwindo anapiga marufuku kuzaliwa kwa watoto wa kiume, kisha anajaribu kumwangamiza mwanawe. Mwindo anamtafuta shangazi yake Iyangura, dada wa Shemwindo, aliyeolewa na Mukiti, mwenye maji ya kina kisichopimika. Mwishoni baba na mwana wanaketi mbele ya hadhara, Iyangura akiwemo, makosa yanasemwa waziwazi, na nchi inagawanywa sehemu mbili. Hapana shaka utendi si daftari la mahakama, na ugomvi wenyewe ni wa baba na mwana. Lakini msikilizaji wa Kinyanga hakuhitaji kuelezwa kwa nini aliyefukuzwa na baba anamwendea shangazi, wala kwa nini suluhu nzuri inaweza kuwa ni kugawana nchi badala ya kurudiana.

Daftari la 1926

Dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 ndiyo iliyozipa mahakama za kimila za Kongo ya Kibelgiji umbo la kiserikali. Chifu au mwami akawa hakimu wa utawala wake; sekta zikawa na mahakama zao; na juu yao ikawekwa mahakama ya teritwari chini ya msimamizi Mbelgiji. Karani alitakiwa aandike hukumu daftarini, na mwendesha mashitaka wa serikali aliweza kuzitangua hukumu zilizokiuka taratibu. Mila iliendelea kutumika mradi haikupingana na kile wakoloni walichokiita utengemano wa umma.

Kwa juu juu, mambo yalibaki yaleyale. Kwa undani, msimamo wa nyumba ya baba uligeuka. Zamani kukaa kwa mke kwa wazazi kulikuwa hatua ya mazungumzo. Sasa kuliweza kuwa dai. Mume aliweza kumshitaki mkwewe na kutaka kimoja kati ya viwili, mke au mahari. Mkwe alipochelewa, mbele yake palikuwa na faini, na hata kufungwa kwa ajili ya deni. Mashauri ya ndoa na mahari yakajaa katika madaftari ya mahakama hizo kote nchini, na jarida la mashauri ya kimila lililoanzishwa Elisabethville mwaka 1933 liliyachambua kwa wingi. Katika uchambuzi wa namna hiyo swali lililotawala ni la nani anamdai nani. Swali la nani asimkaribie nani halikuwa na safu yake daftarini.

Masisi ilipata tatizo lake la pekee. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuwahamisha Wanyarwanda kutoka Rwanda na kuwaweka katika milima ya Masisi, ambako mashamba ya walowezi yalihitaji vibarua. Utawala wa kimila wa Gishari uliundwa kwa ajili yao, ukavunjwa mwaka 1957, na watu wake wakarudi chini ya mamlaka ya Kihunde. Mabadiliko hayo yameandikwa sana kwa upande wa ardhi na uraia. Upande wa ndoa haukupata waandishi wengi, nao si mdogo. Mwanamke aliyehamishwa pamoja na mumewe aliiacha nyumba ya baba yake ng'ambo ya mpaka. Kwahukana, kwake yeye, kulimaanisha safari ya siku kadhaa na karatasi za ruhusa. Tena baada ya 1957, yeye aliyezoea kushitakiana kwa mila za Kinyarwanda alitakiwa ayapeleke mambo ya chumbani mwake mbele ya mahakama ya mwami ambaye jamaa zake walikuwa wanagombana naye kuhusu ardhi. Mahakama ilikuwepo, na sheria ilikuwepo. Kilichokuwa mbali ni ua wa wazazi.

Kanuni ya 1987

Zaire huru ilikusudia kuziondoa mahakama za kimila na kuweka mahali pao mahakama za amani zenye mahakimu waliosomea sheria. Sheria ya mpango wa mahakama ya tarehe 31 Machi 1982 ilithibitisha nia hiyo, lakini ikaacha mahakama za kimila ziendelee mahali popote ambapo mahakama ya amani haijawekwa. Katika Masisi na Walikale, mahali popote palikuwa karibu kote. Mtu wa Masisi mjini alikuwa na kilomita zipatazo 80 za milima kufika Goma. Mtu wa Walikale alikuwa na zaidi ya 200, na msimu wa mvua kilomita hizo huongezeka bila kupimwa.

Ndipo ikaja Kanuni ya Familia, Sheria Na. 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata. Kwa mara ya kwanza raia wote waliwekwa chini ya sheria moja ya ndoa, na mahari yakapewa nafasi rasmi ndani yake. Hakimu wa mahakama ya amani alipewa uwezo mpana. Talaka haikuwa tena mapatano ya jamaa; ilipatikana kwa hukumu tu, na hakimu alipaswa kuridhika kwamba muungano wa ndoa umeharibika pasipo kutengenezeka. Wakati wa kungojea hukumu aliweza kuweka hatua za muda: makazi ya mbalimbali, ulezi wa watoto, posho, na kurudishiwa vitu vya matumizi binafsi. Mzazi asiyepewa ulezi alibakiziwa haki ya kumtembelea mtoto na kumwangalia malezi yake. Hayo ndiyo mamlaka ya kutenganisha, yameandikwa, yana mipaka, na yana mwenyewe.

Lakini ukiisoma Kanuni kwa mpangilio wake, unakuta kwamba kabla ya kutenganisha hakimu huunganisha. Wanandoa huitwa kwanza kwa usuluhishi, nao sharti wafike wenyewe, ana kwa ana. Kwa mume na mke waliochokana tu, utaratibu huo ni wa busara. Kwa mke aliyetoroka kipigo, mwito wa kwanza wa mahakama ulikuwa mwito wa kuketi tena na aliyempiga, katika chumba kimoja, kisha kila mmoja kushika njia ya kurudi, na njia ilikuwa moja.

Kuna jambo zito zaidi. Kanuni ilisema kwamba mume ndiye mkuu wa nyumba, kwamba mke amtii, na kwamba mke alazimika kukaa na mumewe na kumfuata popote anapoona vema kukaa. Mke aliyeolewa hakuweza kufanya tendo la kisheria linalomfunga yeye mwenyewe bila ruhusa ya mume. Sheria ilimwachia mlango mmoja: kumshitaki mume mwenyewe hakukuhitaji ruhusa hiyo. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mwanamke aliweza kusimama mbele ya hakimu na kuomba akae mbali na mumewe. Akitoka nje hakuweza, kwa nguvu zake mwenyewe, kutia saini mkataba wa kupanga chumba cha kukaa mbali naye. Mamlaka ya kutenganisha na katazo la kuwa na mahali vilikaa katika kitabu kimoja, kurasa chache kutoka kimoja hadi kingine. Iliyobaki ni nyumba ya baba, ambayo Kanuni haikuitaja kama kimbilio. Huenda watungaji waliona haina haja ya kutajwa, kwa kuwa ilikuwepo siku zote.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiswahili cha mabaraza ya Kivu ni tajiri kwa vitenzi vya kuunganisha: kupatanisha, kusuluhisha, kusikilizana, kumaliza mambo ndani ya jamaa. Zuzi, kama hakimu anavyoitwa na wengi huko, husifiwa kwa kadiri anavyowasikilizanisha watu. Kwa upande wa kuwaweka watu mbali, msamiati ni haba na una harufu ya aibu: kuacha, kufukuza, kuvunja. Hatua za muda za Kanuni zilipofasiriwa kwa mdomo mbele ya wenye shauri, neno lililokuwa karibu zaidi lilikuwa kutengana, nalo masikioni mwa wazee halikuwa mbali na talaka. Mwanamke aliyeomba ulinzi wa wiki sita alionekana ameomba kuivunja nyumba. Tanzania, ambayo Sheria yake ya Ndoa ya 1971 ilimpa hakimu uwezo wa kumkataza mtu asimlazimishe mwenzake, au aliyekuwa mwenzake, kuwa pamoja naye na asimsumbue, ilikuwa na lugha hiyo hiyo na mila zisizotofautiana sana. Tofauti ni kwamba huko katazo lilitajwa kwa jina lake. Uganda ilifuata kwa amri za ulinzi katika sheria ya 2010 dhidi ya ukatili wa nyumbani, na Kenya katika ile ya 2015. Katika Kanuni ya Kongo njia kuu ya kutenganishwa ilibaki kuwa shauri la talaka lenyewe.

Vita na sheria mpya

Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, na kwa muda mfupi yakaenea Masisi. Maelfu ya watu waliuawa, na zaidi ya laki mbili waliyahama makazi yao. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu, na vita vya 1996 na 1998 vikafuata. Katika habari za vita hivyo makabila hutajwa kama kambi zilizotengana tangu zamani. Ndoa zilikuwa zimevuka kambi hizo. Kwa mke wa Kihunde aliyeolewa na Mhutu, au kinyume chake, mstari wa mapigano ulipita kati ya nyumba ya mume na nyumba ya baba. Akibaki, yumo mikononi mwa wakwe wenye hasira. Akienda kwao, huenda asiruhusiwe kurudi kwa watoto wake, na watoto wenyewe hawajulikani ni wa nani. Utengano ambao hakuna hakimu aliyeuamuru ulitekelezwa na vizuizi vya barabarani.

Vita pia ndivyo vilivyoleta sheria zilizofuata. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kijinsia ziliitaja ndoa ya kulazimishwa kuwa kosa. Ziliweka mwezi mmoja kwa upelelezi na miezi mitatu kwa kusikiliza na kuhukumu, na kuwapa wenye mamlaka wajibu wa kulinda usalama, heshima na siri za aliyetendewa. Wajibu huo wa mwisho ni hatua kubwa katika historia inayosimuliwa hapa, kwani kwa mara ya kwanza ulinzi dhidi ya mshitakiwa ulisimama wenyewe, bila kutegemea talaka. Lakini ulikuwa ndani ya kesi ya jinai. Mwaka 2010, kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti, watu wasiopungua 387 walibakwa katika vijiji vya Walikale, Luvungi kikiwemo; hukumu ya Ntabo Ntaberi Sheka, kifungo cha maisha, ilitolewa na mahakama ya kijeshi huko Goma tarehe 23 Novemba 2020. Miezi mitatu ya sheria na miaka kumi ya Walikale ni vipimo viwili vya kitu kimoja. Katika mashauri madogo, yasiyofika magazetini, jamaa ziliendelea kumaliza mambo zenyewe, na pengine kumaliza huko kulikuwa ni kumwoza msichana kwa yule yule aliyemharibia.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto ilianzisha mahakama za watoto. Marekebisho ya Kanuni ya Familia ya tarehe 15 Julai 2016 yaliiondoa ruhusa ya mume, ingawa mume alibaki mkuu wa nyumba. Tangu hapo mwanamke aliyeolewa huko Masisi au Walikale angeweza kupanga chumba kwa jina lake. Ilichukua miaka 29 kuipatanisha kurasa moja ya Kanuni na nyingine.

Nyumba yenyewe ilikuwa imebadilika kufikia wakati huo. Vijiji vilivyochomwa mara mbili au tatu havina ua wa wazazi wa kurejea. Baba, kama yu hai, anaishi kwa watu. Wengi wa wahamaji wa Kivu ya Kaskazini hupokewa na jamaa wenyeji, ambao nao huwa wamekwisha pokea wengine. Katika kambi za pembeni mwa Goma, ambamo watu wa Masisi walijaa baada ya 2022, mume na mke waliogombana walitenganishwa na turubai. Ukimwondoa mmoja, unamwondoa penye chakula cha msaada pia, kwa sababu kadi iliandikwa kwa familia.

Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Masisi mjini, kisha Goma. Kambi hizo zilivunjwa mwezi uliofuata, na watu wakaambiwa warudi kwao. Mahakama za serikali mjini Goma zilisimama. Walikale mjini ulitekwa mwezi Machi na kuachwa mwanzoni mwa Aprili. Tarehe 27 Januari, siku Goma ilipoanguka, wafungwa elfu kadhaa walitoroka katika gereza la Munzenze, na wanawake zaidi ya mia moja waliokuwa wamefungwa humo walibakwa, wengi wao wakafa motoni. Miongoni mwa waliotoka walikuwepo watu waliohukumiwa kwa makosa dhidi ya wake na mabinti wa Masisi na Walikale. Kwa wanawake hao ukuta wa Munzenze ndio uliokuwa amri ya kutokaribiwa, na waliotoka walizijua njia za vijijini mwao.